NGUVU ZA MCHUMAJI: MISULI, MISHIPA YA FAHAMU NA VIUNGO

Kila msimu wa mavuno ukikaribia, wanachama hutandaza majamvi kuona yaliyotoboka, hushona magunia, hukata pembo mpya, na huvuta kamba zao kuona kama zimeoza. Mambo haya ni mema, na mwenye shamba asiyeyafanya mapema hujuta baadaye. Lakini kuna chombo kimoja ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka siku ya kwanza ya kupanda mkarafuu, nacho ni mwili wenyewe. Mtu aliyekaa miezi mingi bila ya kupanda mti huamka asubuhi moja, akashika tagaa, akajivuta juu kama kwamba aliacha jana. Jioni yake bega haliinuki na goti limevimba. Wengine hata jioni hiyo hawaifikii salama, maana mguu hukosa mahali pa kukanyaga, mtu akaanguka.

Hapo watu husema, "Fulani nguvu zimemwisha." Katika makala haya twapenda kueleza nguvu ni kitu gani, hutoka wapi, na kwa nini mara nyingi mtu huyo nguvu zake hazikwisha hata kidogo, bali zimefungiwa. Jambo hili likifahamika, mwanachama kijana na mwanachama mzee kila mmoja ataona la kufanya kabla ya mavuno.

NGUVU SI NYAMA PEKE YAKE

Watu wengi hudhani kuwa nguvu ni unene wa mikono. Vijana wetu waendao kunyanyua vyuma hujipima mikono kila wiki, na ikiwa haikunenepa huvunjika moyo wakaacha. Hatusemi kuwa unene hauna maana. Msuli mnene una uwezo mkubwa kuliko msuli mwembamba, na hilo halina ubishi. Lakini msuli haujiendeshi wenyewe. Msuli hungoja amri.

Amri hiyo huanza katika ubongo, ikashuka ndani ya uti wa mgongo, kisha ikapita katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye msuli. Yafaa kutofautisha mishipa hii na mishipa ya damu: ya damu hupeleka chakula na hewa, ya fahamu hupeleka habari. Mwaka 1850 mtaalamu wa Ujerumani, Hermann von Helmholtz, alipima mwendo wa habari hizo katika mshipa wa chura, akaona zaenda karibu mita 30 kwa sekunde moja. Katika mkono wa mtu mzima mwenye afya mwendo hupita mita 50 kwa sekunde. Kwa hiyo tangu ubongo kuamuru mpaka kidole kushika, hupita sehemu ndogo tu ya sekunde.

Katika uti wa mgongo ziko chembe za fahamu zinazoamrisha misuli. Chembe moja hutoa uzi mrefu, na uzi huo ukifika katika msuli hugawanyika ukashika nyuzi nyingi za nyama. Chembe ikitoa amri, nyuzi zake zote hujikaza pamoja. Tuite chembe moja pamoja na nyuzi zake "kikosi". Aliyeeleza habari ya vikosi hivi ni Charles Sherrington wa Uingereza, ambaye mwaka 1932 alipata tuzo ya Nobel pamoja na Edgar Adrian. Katika misuli midogo inayogeuza jicho, chembe moja huongoza nyuzi kama kumi tu. Ndiyo sababu jicho laweza kugeuka kidogo kidogo kwa usahihi. Katika msuli mkubwa wa shavu la mguu, chembe moja huongoza nyuzi zaidi ya elfu moja. Ndiyo sababu mguu waweza kusukuma mwili mzima juu ya ngazi.

Sasa, nguvu atakazotoa mtu hutegemea mambo matatu zaidi ya unene wa msuli. La kwanza ni vikosi vingapi vimeitwa. La pili ni amri zinafuatana kwa kasi gani. La tatu ni kama misuli yafanya kazi kwa kupatana, yaani inayosaidia ikaze na inayopinga ilegee kwa wakati wake. Aliyepata kuona watu wakivuta dau pwani ataelewa mara moja. Watu ishirini wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, dau halisogei. Watu kumi wakiitikia sauti ya mmoja na kuvuta pamoja, dau lapanda mchangani. Idadi ya watu ni nyama; sauti inayowaongoza ni mishipa ya fahamu.

Tena vikosi haviitwi ovyo. Mwaka 1965 Elwood Henneman na wenzake wa Marekani walieleza kanuni yake: vikosi vidogo huitwa kwanza, na vikubwa huitwa mzigo unapozidi. Maana yake ni kwamba mtu ambaye kwa miezi mingi hafanyi ila kazi nyepesi, vikosi vyake vikubwa havipati kuitwa. Vipo, lakini vimelala. Siku ya kwanza ya mavuno huitwa kwa ghafla, na haviitikii vizuri.

USHAHIDI WAKE

Huenda msomaji akauliza, twajuaje kuwa haya ni kweli? Tutataja majaribio matatu.

Jaribio la kwanza lilitangazwa mwaka 1894 na Edward Scripture na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Walimzoeza mtu mkono mmoja tu, kisha wakapima yote miwili. Wakaona kuwa mkono ambao haukuzoezwa nao ulikuwa umeongezeka nguvu. Mkono ule haukuinua kitu. Basi kilichojifunza hakikuwa mkononi, kilikuwa katika ubongo na uti wa mgongo. Jambo hili limethibitishwa mara nyingi tangu hapo, na lina manufaa: mtu aliyevunjika mkono mmoja ukafungwa, akiendelea kuuzoeza mkono mzima kwa ushauri wa tabibu, hupunguza udhaifu wa ule uliofungwa.

La pili ni la mwaka 1961. Michio Ikai na Arthur Steinhaus waliwapima watu waliovuta kwa nguvu zao zote. Kisha wakawaambia wapige ukelele wakati wa kuvuta. Nguvu ziliongezeka kama 12 kwa mia. Nyama haiwezi kuongezeka kwa ukelele. Hapa twaona kuwa mwili huweka akiba, na mishipa ya fahamu ndiyo yenye ufunguo wa ghala. Wapagazi na mabaharia wetu walilijua hili zamani, ndiyo maana hawainui kitu kizito bila ya kuitikizana.

La tatu ndilo linalotupendeza zaidi, kwa kuwa lahusu wazee. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, katika mji wa Boston, Marekani, waliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 mpaka 96. Waliwazoeza miguu mara tatu kwa wiki kwa muda wa wiki nane, kwa uzito mkubwa kadiri ya kila mmoja, chini ya uangalizi. Tisa walifika mwisho. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa 174 kwa mia. Ni kama kusema, aliyeweza kuinua ratili 10 sasa anainua ratili 27. Lakini nyama ya paja ilipopimwa kwa picha ilionekana imeongezeka 9 tu kwa mia. Basi nguvu zile nyingine zilitoka wapi? Sehemu yake kubwa zilikuwamo mwilini mwao miaka yote, zikingoja amri iliyo sawa.

Kwa hiyo mzee anayesema, "Mimi sasa basi," na kijana anayesema, "Mkono haukunenepa, mazoezi hayafai," wote wawili wamehukumu kabla ya ushahidi. Katika wiki za kwanza za mazoezi nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu imejifunza. Unene huja nyuma, tena polepole.

KIUNGO NACHO KINA KAULI

Baada ya kuwaeleza wanachama habari ya amri, sasa tutazame mahali amri hiyo inapotendeka, yaani katika viungo: bega, kiwiko, nyonga, goti na kifundo cha mguu.

Ncha za mifupa katika kiungo zimevikwa gegedu laini, na kati yake mna ute unaoteleza kama mafuta ya mashine. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ule ute, kiungo kinapobanwa na kuachiliwa, mfano wa sifongo inayokamuliwa na kunywa maji tena. Basi kiungo kisichosogezwa hukaa na njaa. Hii ndiyo sababu mtu aliyekaa kitako siku nzima akichambua karafuu huinuka amekakamaa.

Kiungo tena ni mpelekaji habari. Ndani ya misuli, katika makano, na katika mfuko unaozunguka kiungo, zimo ncha za mishipa ya fahamu ambazo kila dakika huarifu ubongo kiungo kimekunjwa kiasi gani na kimebeba uzito gani. Kwa habari hizo mtu hujua mguu wake uko wapi bila ya kuutazama. Fikirini mchumaji aliye juu ya mti. Macho yake yako kwenye vishada, mkono mmoja wavuta upembo, na mguu watafuta tagaa la chini pasipo kuonwa. Anayemwongoza hapo si jicho, ni kiungo.

Na kiungo kikiwa na dosari, mishipa ya fahamu hukata amri. Mwaka 1965 waganga watatu, deAndrade, Grant na Dixon, walitia maji maji ndani ya goti kwa sindano na kupima msuli wa paja. Kadiri goti lilivyojaa, msuli ulishindwa kujikaza sawasawa, ingawa msuli wenyewe haukuguswa. Mwaka 1984 wachunguzi wengine walipima kiasi kinachotosha, wakaona kuwa mililita 20 mpaka 30, yaani kama vijiko viwili vya chakula, huanza kudhoofisha sehemu ya ndani ya msuli wa paja. Mwenyewe huenda asione maumivu makubwa. Goti limejaa kidogo tu, lakini uti wa mgongo umeshapunguza amri.

Jambo hili twaomba wanachama walishike sana. Mtu mwenye goti lililovimba akiona mguu unamlegea, si uvivu wala si woga, na hawezi kuushinda udhaifu huo kwa kujikaza moyo. Akipanda mti katika hali hiyo, mguu waweza kumkunjika bila ya kumwonya. Dawa ni kuushughulikia uvimbe kwanza: kupumzika, kwenda kwa tabibu akautazame, kisha kuanza mazoezi mepesi kwa ushauri wake. Kumwambia mwenye goti la namna hiyo "jitahidi bwana, msimu wapita" ni kumsukuma aanguke.

KIUNGO KIGUMU NA KIUNGO KILEGEVU

Msuli una mahali unapokuwa na nguvu zaidi. Mwaka 1966 Gordon, Huxley na Julian wa Uingereza walipima uzi mmoja mmoja wa msuli wa chura, wakaona kuwa nguvu ni nyingi uzi ukiwa na urefu wa wastani, na hupungua ukivutwa mno au ukifupika mno. Kwa hiyo kiungo kigumu humnyima mtu nguvu kwa njia mbili. Kwanza, humlazimisha kufanya kazi katika pembe ambayo msuli wake hauko mahali pake pema. Pili, akifika mwisho wa mwendo asiouzoea, mishipa ya fahamu huona hatari na kupunguza amri.

Tuchukue mfano wa bega, maana mchumaji huinua mikono mamia ya mara kwa siku. Mwaka 1944 Inman na wenzake wa Marekani walionyesha kuwa mkono ukiinuliwa hauinuki katika bega peke yake. Kwa kila sehemu mbili za mwendo zinazofanywa na kiungo cha bega, sehemu moja hufanywa na kombe la bega linalozunguka mgongoni. Mtu ambaye mgongo wake wa juu umepinda kwa kuinama na kombe lake halizunguki, mkono wake hauwezi kwenda juu kabisa. Naye ili afikie kishada hukunja kiuno nyuma. Jioni hulalamika kiuno, na kumbe mkosa ni bega.

Mfano wa pili ni kifundo cha mguu. Kifundo kigumu hakimruhusu mtu kuchuchumaa nyayo zikiwa zimetulia chini. Visigino huinuka, mgongo hupinda, na gunia analoliinua humwelemea kiuno badala ya mapaja. Nyonga ngumu nayo humzuia kuinua goti mpaka kwenye tagaa la juu, basi hujivuta kwa mikono tupu, na mikono huchoka kabla ya saa zake.

Lakini ulegevu mtupu si sifa. Kiungo kinachokwenda kila upande bila ya msuli wa kukishika ni kama ngazi iliyolegea misumari: yafika mbali lakini haifai kupandwa. Tunachotaka ni kiungo kinachofika mbali na kuwa na nguvu njia nzima.

Na hata ulaini wa viungo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1996 wachunguzi wa Denmark waliwapima watu waliojinyoosha kwa wiki chache. Misuli yao haikubadilika ugumu wake. Kilichobadilika ni kuwa walivumilia kunyooshwa zaidi. Mishipa ya fahamu ilikuwa imekubali kuwa mahali pale si pa hatari. Ndiyo sababu ulaini haupatikani kwa kujilazimisha siku moja, bali kwa kurudia kwa upole. Imeonekana pia kuwa kuzoeza nguvu kwa mwendo mzima wa kiungo huongeza ulaini wenyewe. Kwa hiyo mtu hana haja ya kuchagua moja akaacha jingine.

"KAZI YA SHAMBA NDIYO MAZOEZI"

Wako wanachama wanaosema kuwa mkulima hahitaji mazoezi, kwa kuwa kazi yake yatosha. Neno hili lina ukweli ndani yake. Anayelima na kupalilia mwaka mzima ana mwili bora kuliko anayekaa tu. Lakini jembe humzoeza mtu kuinama, wala halimzoezi kuinua mikono juu ya kichwa. Kupalilia hakumzoezi kujivuta wala kusimama kwa mguu mmoja. Mishipa ya fahamu hujifunza kile kinachorudiwa, na kisichorudiwa husahauliwa. Kazi ya mikarafuu nayo huja kwa mkupuo, na mavuno ya mti mmoja hayafanani na ya mwaka uliopita. Mwaka wa mavuno haba mtu hupanda siku chache tu. Mwaka wa mavuno mengi hutakiwa juu ya mti tangu asubuhi. Hapo ndipo mwili usiotayarishwa huumia.

YAFAAYO KUFANYWA

Twashauri kuanza wiki nane kabla ya mavuno, siku tatu kwa wiki, na kuacha siku moja ya kupumzika katikati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri watu wazima wazoeze misuli angalau siku mbili kwa wiki, na wenye miaka 65 na zaidi waongeze mazoezi ya kujimudu wasiyumbe siku tatu au zaidi. Nusu saa yatosha, na hakuna chombo cha kununua.

1. Kuamsha viungo. Zungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu kwa dakika tano. Usijinyooshe kwa kukaa mahali pamoja zaidi ya dakika moja kabla ya kazi, maana imeonekana hupunguza nguvu kidogo kwa muda. Kunyoosha kwa muda mrefu kuwe jioni.

2. Kuchuchumaa na kuinuka. Shika mwimo wa mlango, visigino viwe chini, shuka polepole kadiri ya uwezo, inuka. Mara nane. Ukizoea, acha mwimo. Baadaye kumbatia mfuko wa mchanga.

3. Kupanda baraza. Weka mguu mmoja juu ya baraza, jiinue, kisha shuka polepole mpaka wayo uguse chini bila ya kishindo. Mara nane kila mguu. Kushuka polepole ndiko hasa kunakomtayarisha mtu kwa kushuka mtini.

4. Kuteleza mikono ukutani. Egemeza mgongo ukutani, inua mikono juu huku ikigusa ukuta, na kiuno kisikunjike. Mara kumi.

5. Kuning'inia. Shika mti uliolazwa imara au tagaa nene la mwembe lililo chini, nyayo zikigusa ardhi mwanzoni. Hesabu kumi, pumzika, rudia mara tatu. Tagaa la mkarafuu lisitumiwe, kwa kuwa huvunjika upesi.

6. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Hesabu thelathini kila mguu. Ukiweza, fumba macho, mkono ukiwa tayari kushika ukuta. Hapa wazoeza zile habari za kiungo tulizozieleza.

7. Kuchukua ndoo mbili za maji zenye uzito sawa, moja kila mkono, kwa hatua hamsini, kifua kikiwa wima.

Katika kuongeza uzito fuateni mwendo wa Thomas DeLorme, mganga wa jeshi la Marekani, ambaye mwaka 1945 alitangaza jinsi alivyowarudishia nguvu askari walioumia kwa kuongeza mzigo hatua kwa hatua. Haba na haba hujaza kibaba. Mkiweza kufanya mara nane kwa wepesi, wiki inayofuata ongezeni kidogo.

Tena acheni kila zoezi mkiwa mngeweza kulirudia mara mbili zaidi. Msijimalize. Mtu aliyechoka sana hukosea mwendo, na mishipa ya fahamu hujifunza kosa kama inavyojifunza usahihi. Msizuie pumzi wakati wa kuinua. Misuli kuuma kidogo siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si kawaida, nayo ni amri ya kuacha. Na usingizi usipunjwe, maana usiku ndipo ubongo hulishika somo la mchana.

Wenye ugonjwa wa moyo au presha wamwone tabibu kabla ya kuanza. Wenye ugonjwa wa sukari wana jambo la peke yao. Sukari ikikaa juu kwa miaka huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na wayo ukafa ganzi. Mtu wa namna hiyo anaweza kukanyaga tagaa asijue kama amekanyaga. Mwanachama ambaye nyayo zake zina ganzi asipande mkarafuu, hata akiwa na nguvu za simba. Jamvini, penye mizani na penye magunia kazi ni nyingi, na hakuna aibu katika kuifanya.

SIKU ZA MAVUNO ZENYEWE

Hata aliyejitayarisha aanze na miti mifupi siku mbili tatu za mwanzo, na asipande kutwa nzima. Mwili uliochoka huchelewesha habari na kukosea amri. Kwa hiyo saa ya mwisho ya kazi yatakiwa iogopwe kuliko ya kwanza. Kile kishada kimoja kilichobaki kwenye ncha, jua likiwa linatua na gome likiwa na umande, hakina thamani ya uti wa mgongo wa mtu. Kitangoja mpaka asubuhi.

Akina mama na wengine wanaochambua wainuke kila baada ya nusu saa, wainue mikono juu, wachuchumae mara chache, ndipo wakae tena. Na wenye mashamba wanaoajiri wachumaji wawaulize siku ya kwanza kama wana goti, bega au ganzi, na wasimpandishe mtu juu ya mti mrefu kwa kuwa tu ana kifua kipana.

Twaomba kila tawi lizungumze habari hii katika mkutano wake ujao. Tawi lenye mwalimu wa michezo au tabibu karibu limwite aonyeshe mazoezi haya saba kwa vitendo, maana kuona ni bora kuliko kusoma. Wanaotazamia mavuno baada ya wiki nane, basi siku ya kuanza ni kesho asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Twawatakia wanachama wote mavuno mema na afya njema.